Mama kateleza tu, mkono umevunjika. Nimpe nini mifupa irudi?

Binti wa Mbagala: Wakuu, nina hofu. Mama ana miaka 58. Aliteleza bafuni akajishikiza, mkono ukavunjika karibu na kiganja. Kafungwa plasta ngumu (POP). Daktari kasema mifupa imekuwa dhaifu. Lishe gani itamsaidia? Akianguka tena itakuwa nyonga.

Mzaramo halisi: Pole sana. Dagaa, atafune na miiba yake. Bibi yangu Kisarawe alitwanga mpaka uzeeni, hajui kalsiamu ni kitu gani. Bafuni weka mkeka wa mpira.

Nesi wa zamu: Hedhi ilikoma lini? Anameza dawa gani za muda mrefu?

Binti wa Mbagala: Akiwa na 44. Dawa ni za presha tu.

Nesi wa zamu: 44 ni mapema. Presha tu, kweli?

Binti wa Mbagala: Na prednisoloni, za magoti. Namnunulia mimi duka la dawa, mwaka wa nne huu. Asipomeza hashuki kitandani, nyie mngefanyaje? Tangu jana nimezificha. Na unga wa kalsiamu nimeshalipia nusu kwa dada mmoja Kariakoo, laki na nusu.

Baba Wawili: Miaka minne bila cheti cha daktari! Mzazi hafanyiwi hivyo.

Jicho Kavu: Wakuu, hii chai. Ushauri umegeuka bei ya unga. Kesho itashuka namba ya simu.

Binti wa Mbagala: Sijataja jina la unga na sitalitaja. Muuzaji gani angekiri kuwa yeye ndiye aliyemmezesha mama yake?

Nesi wa zamu: Chai au si chai, usimkatishe ghafla! Prednisoloni ni steroidi, na mwili ukiizoea unaacha kutengeneza ya kwake. Presha inaweza kuporomoka, na watu hufa. Mpe leo, kesho daktari apange kuzipunguza taratibu na atafute chanzo cha magoti. Hizo prednisoloni ndizo zinazodhoofisha seli za kujenga mfupa, unga peke yake hautoshi. Ulizia kipimo cha DEXA, picha ya kupima uimara wa mfupa: alama ya −2.5 kushuka chini ndiyo osteoporosisi yenyewe, ugonjwa wa mifupa dhaifu. Wengine hupewa alendroneti, dawa ya kuimarisha mifupa, kidonge kimoja kwa wiki: tumbo tupu, glasi nzima ya maji, asilale nusu saa.

Binti wa Mbagala: Nimempa sasa hivi. Kaniuliza, "Si ulisema vimeisha?"