Amepandikizwa figo, anatetemeka mikono tangu aanze dawa za vidonda vya tumbo: apunguze dozi?

Dada Mkubwa: Ndugu zangu, mdogo wangu wa kiume alipandikizwa figo miezi tisa iliyopita, na figo hiyo nilimtolea mimi. Humeza takrolimasi saa mbili asubuhi na saa mbili usiku, pamoja na mikofenoleti na prednisoloni, zote za kuzuia mwili usiikatae figo, na vipimo vya mwezi uliopita vilikuwa vizuri. Wiki iliyopita tumbo lilimchoma, akaenda duka la dawa la mtaani, akauziwa dawa za siku 14 zenye antibayotiki mbili, klarithromisini na amoksilini. Hakusema kwamba amepandikizwa figo kwa sababu, kwa maneno yake, alikuwa amekwenda kutibiwa tumbo. Leo ni siku ya sita. Mikono inatetemeka hata kikombe cha chai hakitulii, kichwa kinamuuma, na ameamua kuacha takrolimasi siku mbili ili mwili upumzike. Aache, apunguze, au avumilie mpaka dawa za tumbo ziishe?

Muuguzi wa Kliniki: Pole sana, dada. Asikisie dozi, lakini pia asivumilie. Pigeni simu leo kwa kliniki inayomhudumia, kabla ya saa mbili usiku, muulize kama dozi ya usiku aimeze. Mkiwakosa, mpelekeni hospitali pamoja na maboksi yote ya dawa. Takrolimasi huvunjwavunjwa na vimeng'enya vya ini na utumbo, na klarithromisini huvizuia vimeng'enya hivyo, kwa hiyo dozi ileile aliyoizoea hujilimbikiza katika damu. Mtetemeko na maumivu ya kichwa ni dalili zinazojulikana za kiwango kilichozidi, na kikizidi huidhuru figo yenyewe tunayotaka kuilinda. Kwa upande mwingine, kiwango kikishuka mno, kinga ya mwili huitambua figo kuwa ni kitu kigeni na kuanza kuishambulia, pengine bila mgonjwa kuhisi lolote mpaka kreatinini, taka ya damuni inayoonyesha figo inavyofanya kazi, ipande. Ndiyo maana kiwango hakikisiwi kwa macho. Damu ya kupima kiwango huchukuliwa asubuhi kabla ya kumeza dozi, takribani saa 12 baada ya ile ya usiku. Akimeza kwanza, jibu litapotosha.

Figo Mwaka wa Saba: Mimi yalinikabili ya kinyume. Nilipogundulika kuwa na kifua kikuu, daktari alinieleza kwamba rifampisini huharakisha kuvunjwa kwa takrolimasi, ikabidi mpango wote wa dawa upangwe upya na damu ipimwe mara kwa mara. Tangu hapo hakuna mtu anayeniuzia hata dawa ya fangasi kabla sijasema neno "figo", maana flukonazo nayo hupandisha kiwango. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni nimeziacha kabisa kwa ajili ya figo. Balungi pia, ingawa nalipenda, kwa kuwa lina tabia kama ya hiyo klarithromisini. Muuza dawa simlaumu sana, hakuambiwa. Naomba tu umweleze mdogo wako kwamba hakuna mwaka ambao mwili "unaizoea" figo kiasi cha kuacha dawa. Mimi pia niliwahi kudanganywa hivyo.

Dada Mkubwa: Nawashukuru. Kliniki ilimzuia kumeza dozi ya usiku ule na ikamtaka afike asubuhi bila kumeza takrolimasi. Kiwango kimekutwa zaidi ya mara mbili ya kinachotakiwa na kreatinini imepanda kidogo. Klarithromisini imeondolewa, tumbo litatibiwa kwa dawa nyingine, na takrolimasi ataanza tena kwa dozi ndogo watakayoipanga baada ya kipimo cha kesho. Nilidhani mambo yameishia hapo, kumbe wiki ijayo atapimwa tena, kwa kuwa klarithromisini ikiisha mwilini kiwango kitashuka na huenda dozi ikapandishwa. Kwa hiyo dozi ameruka kama alivyotaka, ila safari hii yupo anayejua aruke ngapi. Ameniuliza kama balungi lililobaki jikoni linaweza kumngoja mpaka apone. Nimekwisha kulila.