Naomba ushauri: Mliodumu kwenye imani miaka mingi, mnaishije Ukristo huku kwenye lumbesa?

Mama Gunia:
Wakuu, Bwana asifiwe. Na wengine, habari za kazi.

Nimezaliwa KKKT, nikapata kipaimara, nimeimba kwaya tangu usichana na bado naimba. Sijarudi nyuma, na sina la kuungama humu, kwa hiyo wapenda umbea mtanisamehe. Shida yangu ni kwamba mahubiri ninayoyasikia mengi ni ya mkesha, ya kufunga, ya kuvuka mwaka. Wa kunifundisha kuwa Mkristo Jumanne saa tano asubuhi, jua kali, dalali anapiga kelele, sijampata.

Nanunua viazi mviringo Njombe, nauza Mabibo. Anayejua viazi anajua lumbesa: gunia likijaa linaongezewa kipande cha gunia jingine juu, linajazwa tena, linashonwa kwa kamba. Mkulima analipwa gunia moja. Sheria inasema mwisho kilo 100 na kila mtu anaijua. Msimu huu nimeamua kununua kwa kilo. Wakulima wamefurahi, ila Dar mteja akiliona gunia langu anauliza, "Mbona hili limekonda?" halafu huyoo, kwa jirani. Mume wangu hanizuii, anauliza tu ada ya watoto tutalipa na nini.

Mliokaa kwenye wokovu tangu zamani, siku ambazo moyoni hakuna moto wowote na hesabu haitoki, mnafanyaje?

kijana_wa_sinza:
Dada, biashara ni biashara. Toa fungu la kumi, Mungu anaelewa 😂

Mtumishi wa Kawaida:
Mkuu hapo juu, Yohana Mbatizaji hakuelewa hivyo. Soma Luka 3. Watoza ushuru walimuuliza wafanye nini. Hakuwaambia waache kazi wala wahamie naye jangwani. Aliwaambia wasitoze zaidi ya walichoagizwa. Askari nao akawakataza kunyang'anya watu, watosheke na mshahara wao. Kwa hiyo dada, usidhani kwaya ndiyo huduma na mizani ni mambo ya pembeni.

Mstaafu wa Kagera:
Mwanangu, mimi nimekulia kwenye Uamsho, ule uliowaka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 ukatufikia Bukoba. Askofu Josiah Kibira, aliyechaguliwa mwaka 1977 kuwa Rais wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, alikuwa mtu wa Uamsho huo.

Wengi wakiusimulia wanasimulia machozi na nyimbo. Mimi nawasimulia vijana majembe yaliyorudishwa, na madeni yaliyolipwa wakati mwenye kudai alishasahau. Halafu kile kikao cha kila wiki, watu wachache sebuleni, kila mmoja anaeleza wiki yake ilivyokwenda bila kuzungukazunguka: nimemfokea mke wangu, nimemcheleweshea kibarua pesa yake. Tuliita kutembea nuruni. Sikudanganyi, kilichosha, na wapo waliokigeuza upolisi. Lakini kimenibeba kuliko mikesha yote. Moto kwangu umezimika mara nyingi tu. Siku ya kikao ikifika, navaa viatu naenda.

Tafuta wenzako wawili watatu wanaojua bei ya viazi. Watu wa kukuombea tu bila kujua hesabu zako hawatakufaa sana.

Mwanajumuiya:
Naunga mkono mzee. Kwetu Wakatoliki ni jumuiya ndogondogo. Tukikutana alfajiri ya Jumamosi nusu tunasinzia, lakini mtu akiuguliwa au akifilisika, wa kwanza kufika mlangoni ni hao hao wasinziaji.

Sina Dini:
Mbona hata mimi nisiyeamini naweza kuacha lumbesa? Sheria ipo.

Mama Gunia:
@Sina Dini sawa kabisa, karibu ununue.

Chipsi Kavu:
Dada, mimi nina banda la chipsi, acha dini kidogo tuongee viazi. Lumbesa inanitia hasara: juu wamepanga vikubwa, katikati vidogo kama ndimu na vingine vimeoza. Nasukuma mlima wa maganda kila siku. Ukiniletea vikubwa vilivyochambuliwa, kwa kilo, naongeza bei kidogo na nakutafutia wenzangu wa mtaa huu. Kwa madalali wa Mabibo utahangaika mpaka uzeeke.

Mama Gunia:
Mzee wa Kagera, shikamoo. Hilo la wanaojua bei limenikaa. Kwaya nzima hakuna anayejua nauza kwa hasara, wananiona nimevaa joho tu. Kuna dada wawili wa mchele na maharage nasafiri nao, mmoja ni Mmoraviani. Nitawaambia tuwe tunakaa Makambako tukisubiri gari, badala ya kuchati.

@Chipsi Kavu nimekufuata PM. Swali kwenu wengine: nataka mzani wangu mwenyewe, wakulima wasitegemee wa dalali. Nikinunua dukani naanza kuutumia moja kwa moja?

Mstaafu wa Kagera:
Marahaba mwanangu. Usiutumie kwanza. Upeleke Wakala wa Vipimo wauhakiki wakubandikie stika, na kila mwaka unarudia. Stika iweke upande anaosimama mkulima.