Dodoso linasema mabinti wameelewa, kliniki inasema vingine

Kijana_wa_Igurusi
Habari za jioni wakuu. Niko na kikundi kidogo hapa Igurusi, Mbarali. Mwaka huu tumeendesha vipindi vya kuzuia mimba za utotoni kwa mabinti wa kidato cha kwanza na cha pili, shule mbili za kata. Siku ya kwanza walijaza dodoso, siku ya mwisho wakajaza lilelile. Majibu ya mwisho yamenyooka mno. Karibu wote wanazijua siku za hatari, karibu wote wameandika wataweza kumkatalia mwanaume, na kwenye swali la "umewahi kufanya ngono?" walioandika ndiyo wamepungua kuliko siku ya kwanza. Mfadhili amefurahi, anataka ripoti. Lakini dada wa kliniki ananiambia mabinti wa umri huohuo wanaendelea kuja kuandikishwa na mimba kama zamani. Roho yangu haijatulia. Niangalie nini kwenye hilo dodoso kabla ya awamu ya Januari?

Mwalimu_Mstaafu_Mafinga
Mwanangu, anza na swali hilo la mwisho. Aliyewahi amewahi. Kwa watoto walewale, idadi hiyo haina namna ya kushuka. Ikishuka, ama vipindi vimewafundisha jibu linalotakiwa, ama walioandika ndiyo mwanzoni hawakuwepo siku ya mwisho. Yachunguze yote mawili.

Hilo la pili ndilo linaloniuma. Nimekuwa mwalimu wa malezi miaka mingi. Huku Mufindi binti akikosekana darasani, mara nyingi yuko Dar kwenye kazi za ndani, au yuko kwao na tumbo, na daftari la mahudhurio linamwandika mtoro. Huyo ndiye uliyemwanzishia mradi, na ndiye asiyekuwemo kwenye dodoso la mwisho. Chukua orodha ya siku ya kwanza, mtafute kila aliyepungua, mmoja mmoja, bila kumtangaza kijijini. Ukihesabu waliobaki tu, mradi wowote utapendeza.

Kisha jiulize nani alisimama mbele yao wakati wanajaza. Tangu marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016, anayempa mwanafunzi mimba anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Binti anaelewa kwamba alichoandika kinaweza kumpeleka mtu jela, pengine mtu anayemlipia chumba. Mbele ya mwalimu wa nidhamu hataandika kitu. Tafuta msimamizi mgeni, dada kijana. Karatasi isiwe na jina, iwe na alama anayojitungia mwenyewe ili uweze kuoanisha ya kwanza na ya mwisho, na aitumbukize kwenye sanduku lenye kufuli kwa mkono wake.

Kasome habari za MEMA kwa Vijana kule Mwanza, mradi wa elimu ya afya ya uzazi ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1990. Walichukua jamii 20, nusu zikapata mafunzo na nusu hazikupata, kwa bahati nasibu. Ufahamu ulipanda, mitazamo kwenye madodoso ikapendeza. Walipokuja kupima wenyewe, VVU na mimba havikuonyesha tofauti ya kueleweka. Na walikuwepo mabinti waliojibu hawajawahi kufanya ngono ilhali vipimo vilionyesha mimba au ugonjwa wa zinaa. Hao walikuwa watafiti waliobobea, wenye maabara. Sisi wa karatasi na kalamu tuwe waangalifu zaidi.

Nesi_Tukuyu
Kaka, na kliniki nayo usiiamini kichwakichwa. Binti wengi wanachelewa kuanza, anakuja tumbo limeshafika miezi mitano. Anayeandikishwa leo huenda alishika mimba kabla hujafungua kipindi cha kwanza. Hesabu kuanzia hedhi yake ya mwisho, usihesabu kuanzia siku aliyokuja. Wengine wanaongeza umri, wengine wanapelekwa kwa shangazi Mbeya mjini wakajifungulie huko. Omba jumla ya kila mwezi kwa mganga mfawidhi, kwa barua. Majina usiyaguse kabisa.

Niliyepanga_geto
Mimi nilikuwa mshiriki wa vipindi kama hivyo, kidato cha pili, Iringa vijijini. Nilijaza vizuri na nilimaanisha. Ila nilikuwa nimepanga geto na wenzangu wawili, unga wa nyumbani ukiisha katikati ya wiki, na kuna kaka wa boda anatubeba bure. Dodoso liliniuliza kama najiamini kukataa. Halikuniuliza nani ananunua unga. Naomba waulizeni hayo: unalala wapi, nani analipa kodi, nani anakupa lifti, mara ya mwisho ulipopokea hela kwa mtu asiye ndugu alitaka nini. Hayo tungejibu, kwa sababu hayana harufu ya kukamatwa.

Mwalimu_Mstaafu_Mafinga
Binti yangu, asante sana kwa hili. Igurusi, maswali yako ndiyo hayo. Magharibi mwa Kenya mwaka 2004 mradi mmoja uliwaeleza wanafunzi wazi kwamba wanaume wakubwa wana maambukizi mengi ya VVU kuliko vijana wenzao. Mimba zilishuka kwa asilimia 28, na zilihesabiwa mimba zenyewe, hawakutegemea nia za kwenye karatasi.

Kijana_wa_Igurusi
Shikamoo mwalimu, na asanteni dada zangu. Januari nitaongeza shule mbili zitakazojaza dodoso wakati huohuo na kupata vipindi baadaye, ili niwe na wa kulinganisha nao. Kilichonikwamisha ni ridhaa ya wazazi: wa mageto wazazi wao wako mbali, Chunya huko.

Mwalimu_Mstaafu_Mafinga
Marahaba. Fomu wape kabla shule hazijafungwa Desemba, waende nazo likizo, wazazi wasaini nyumbani. Na binti naye aulizwe kivyake, akikataa asijazishwe hata kama baba amesaini. Kwa mfadhili andika ufahamu umepanda, mimba bado hamjapima, na weka idadi ya waliokosekana siku ya mwisho kwenye ukurasa wa kwanza.