CNC inaharibu vipande vidogo, naombeni ushauri

Randa Butu (Kampala): Wakuu, nina karakana Ndeeba, makabati ya jikoni. Meza ya CNC, mashine ya kukata mbao inayoongozwa na kompyuta, ni ya futi nne kwa nane, inashika shiti kwa vakyumu, yaani pampu inanyonya hewa chini yake. Shiti nzima ya melamini inatulia tuli. Nikifika kwenye sura za droo, biti ikimaliza kukata, kipande kinateleza na ukingo unaliwa. Mteja anahamia mwisho wa mwezi na advansi nimeshakula. Niongeze pampu ya pili?

Mama Vitasa: Mdogo wangu, advansi hailiwi kabla ya kazi. Fundi wangu alikula yangu, mpaka leo sahani zangu zinakaa kwenye boksi la televisheni.

Mbao Dar: Nunua bloa, ile feni kubwa ya kunyonya hewa nyingi. Yangu ikiwaka, shiti haisogei hata uisukume kwa bega.

Fundi Jinja: Dar ni pwani. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya bahari, hewa inakandamiza kilopaskali (kipimo cha mgandamizo) 88 hivi, huko kwenu 101. Na kinachoshika kipande ni hewa ya juu, pampu inaondoa ya chini tu. Ukivuta kilopaskali 20, shiti nzima inabanwa kwa karibu tani sita, ila kipande cha sentimita 10 kwa 10 kinapata kilo 20 tu. Ssebo, pampu yako ni ya aina gani?

Randa Butu: Pampu ni nzuri. Nikiiziba mdomo kwa kiganja, geji inafika mwisho.

Fundi Jinja: Sijauliza uzuri.

Randa Butu: Ni ile ya mafundi friji. Lakini bloa kubwa inataka umeme wa fezi tatu, mimi nina moja. Na pampu ya pili nimeshalipia nusu, kwa hiyo nisaidieni namna ya kuziunganisha.

Fundi Jinja: Hiyo imeundwa kumaliza hewa ndani ya mabomba yaliyofungwa. Inavuta kwa nguvu, hewa inayobeba ni kidogo. MDF ya mezani, ule ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa unaolaliwa na shiti, inapitisha hewa kote, na kila mfereji unaokatwa unafungua njia nyingine. Pampu mbili ni vijiko viwili kwenye mtumbwi unaovuja.

Chai Chungu: Pampu ya friji ishike shiti ya futi nane? Hii chai. Huyu hana CNC, ni muuza bloa, na Mbao Dar ni ID yake ya pili.

Mbao Dar: Mimi tena? Nimechangia mstari mmoja tu!

Mama Vitasa: Lete picha, mwanangu.

Randa Butu: Mashine ninayo. Shiti naipiga skrubu kwenye kona na katikati. Sikuona haja ya kulisema hilo.

Chai Chungu: 😂😂 Vakyumu ya skrubu.

Fundi Jinja: Basi muacheni, sasa inaeleweka. Kwa kazi hii, droo zipange katikati ya shiti na uzikate kwanza, wakati shiti bado ni nzima. Acha ngozi ya nusu milimita chini, uimalize kwa mpito wa mwisho. Tumia biti inayosukuma chini, siyo ya kuinua. Sehemu ya meza usiyotumia ifunike kwa plastiki. Hiyo MDF umeipitishia biti pande zote mbili kuondoa ngozi ngumu, na kingo ukazipaka rangi?

Randa Butu: Hata upande wa chini?

Chai Chungu: Picha bado tunasubiri.