Mjadala: Je, ni kweli kwamba wimbo mzuri hujiuza wenyewe?

Mwanzilishi wa mjadala, Kampemba

Jumamosi iliyopita, katika kipindi cha muziki wa zamani cha kituo kimoja cha redio cha hapa Lubumbashi, msikilizaji aliomba apigiwe wimbo wa roki wa Zambia wa miaka ya 1970. Mtangazaji alimjibu kwamba kituo hakina nafasi ya nyimbo ambazo hata enzi zake hazikuuza, akamalizia kwa methali: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ninaileta kauli hiyo mbele yenu kwa sababu si ya mtangazaji mmoja tu. Karibu kila mtu anayepanga muziki wa kupigwa hewani katika mji huu anaiamini, na mimi naamini kwamba katika muziki si kweli.

Tuanze na mfano ambao hesabu yake inajulikana. Mwaka 1966 Tina Turner aliimba “River Deep – Mountain High”, uliotayarishwa na Phil Spector, ambaye wakati huo alikuwa na vibao vingi mno nyuma yake. Marekani wimbo huo uliishia nafasi ya 88 katika chati ya Billboard, kisha ukapotea. Uingereza, mwaka huo huo, santuri hiyo hiyo ilifika nafasi ya 3, na Ike na Tina Turner wakaalikwa kuizunguka nchi hiyo pamoja na bendi ya Rolling Stones. Anayeshikilia methali ile itabidi akubali kwamba wimbo mmoja ulikuwa mzuri London na mbaya Los Angeles katika majira yale yale. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba vituo vya Wamarekani Weusi viliuona umeegemea mno upande wa Wazungu, navyo vituo vya Wazungu viliuona ni wa Weusi mno, hivyo kila upande ukauachia upande wa pili. Wako pia wanaosema kwamba watangazaji walikuwa wamechoshwa na majivuno ya Spector. Vyovyote iwavyo, sababu zote hizo ziko nje ya wimbo.

Kwa hiyo napendekeza tutenganishe mambo mawili ambayo wengi huyachanganya: wimbo uliokataliwa na wimbo ulionyimwa. Uliokataliwa ni ule ambao watu waliusikia vya kutosha wakaupa kisogo, na hapo sina la kudai, hata kama mimi mwenyewe naupenda. Ulionyimwa ni ule ambao mtu anaweza kuonyesha kwa kidole mahali njia ilipokatika kati ya studio na sikio la msikilizaji. Ni huu wa pili tu ninaodai kwamba ulistahili kuvuma zaidi.

Tazameni bendi ya Big Star ya Memphis, Marekani. Albamu yao ya kwanza, ya mwaka 1972, ilisifiwa na waandishi wa muziki, lakini kampuni ya Stax iliyopewa kazi ya kuisambaza haikuweza kuifikisha madukani, na nakala zilizouzwa wakati huo hazikufika 10,000. Albamu ya pili, ya mwaka 1974, yenye “September Gurls”, ilinaswa katika mvutano kati ya Stax na kampuni ya Columbia, na mwaka uliofuata Stax ikafilisika. Mwimbaji wao, Alex Chilton, hakuwa mtu asiyejua kuuza: akiwa na umri wa miaka 16 alikuwa ameshafika nafasi ya kwanza Marekani na “The Letter”, akiwa na bendi nyingine. Mtu aliyesoma sifa za albamu hizo gazetini na kwenda dukani aliambiwa kwamba hazipo. Huyo naye tumhesabu kuwa aliukataa wimbo?

Sasa niingie katika mfano unaotuhusu sisi. Chini ya kilomita 100 kutoka hapa kuna Kasumbalesa, mji wa mpakani, na ng'ambo yake kuna Copperbelt, eneo la migodi ya shaba la Zambia, ambako katika miaka ya 1970 vijana wa miji ya migodi walipiga roki ambayo leo inaitwa Zamrock: magitaa ya umeme yenye mkoromo mzito, ngoma zilizofuata mapigo ya nyumbani, na maneno ya Kiingereza, Kibemba na Kinyanja. Rais Kaunda alikuwa ameagiza kwamba asilimia 95 ya muziki wa redio uwe wa Zambia, na bendi ambazo hadi jana yake zilikuwa zikiiga nyimbo za Waingereza zililazimika kutunga zake. Bendi ya WITCH, wakiongozwa na Emmanuel Chanda, aliyepewa jina la Jagari kwa kufananishwa na Mick Jagger, mwimbaji wa Rolling Stones, walitoa albamu baada ya albamu. Bendi ya Amanaz walitoa moja tu, “Africa”, mwaka 1975, na ndani yake mna “Khala My Friend”, wimbo wa taratibu ambao kwangu mimi ungeweza kukaa katika chati yoyote ya dunia ya mwaka ule bila kuomba radhi kwa mtu.

Kwa nini haukukaa? Bei ya shaba ilianguka katikati ya muongo ule, na sisi tuliokua tukilitazama bomba la moshi la Gécamines, kampuni ya shaba ya hapa kwetu, hatuhitaji kuelezwa maana yake. Mchimbaji aliyenunua santuri mwisho wa mwezi akaacha kununua, na soko lenyewe tangu mwanzo lilikuwa dogo, halikuwa na kampuni ya kulibeba hadi Nairobi au Johannesburg, sembuse London. Rumba ya Kinshasa ilivuka Kasumbalesa kwenda kusini na kushinda. Gitaa la Kitwe, mji wa Copperbelt, halikupanda kuja kwetu kwa nguvu hiyo. Mwaka 2012 kampuni ya Marekani, Now-Again, ilikusanya kazi za WITCH na kuzitoa upya, na mwaka 2024 rapa wa Marekani, Tyler, the Creator, alijenga wimbo wake “Noid” juu ya kipande cha “Nizakupanga Ngozi” wa Ngozi Family wa mwaka 1977. Vijana wa hapa wanaoucheza “Noid” kwenye simu wanasikiliza gitaa la jirani yao lililorudi kwa kupitia California.

Naomba anayepinga aje na mfano, si na methali.

Mchangiaji kutoka Katuba

Baba wa Kampemba, heshima yako. Mimi nina kibanda cha kuwawekea watu nyimbo kwenye flashi na kadi za simu, na kwa kazi hiyo nawaona wasikilizaji wakichagua wakiwa na fedha mkononi, jambo ambalo waandishi wa muziki hawalioni. Hofu yangu ni kwamba neno “ulionyimwa” litatumika kuusafishia jina kila wimbo ambao mpenzi wake hataki kukubali kwamba ulishindwa. Kila wimbo ulioanguka una sababu yake ya nje ukiitafuta kwa bidii, na hata ule uliovuma ulikuwa na vizuizi ambavyo hakuna anayevitafuta kwa kuwa ulivipita.

Umeomba mfano. Wapenzi wa bendi ya Uingereza ya The Kinks husema kwamba “Waterloo Sunset” wa mwaka 1967, uliofika nafasi ya 2 Uingereza, haukuingia kabisa katika chati ya Marekani kwa sababu chama cha wanamuziki cha huko kilikuwa kimewanyima kibali cha kufanya maonyesho tangu 1965 hadi 1969. Kizuizi hicho kilikuwepo kweli. Lakini katikati ya kizuizi hicho hicho, mwaka 1966, “Sunny Afternoon” ya watu hao hao ilifika nafasi ya 14 huko huko Marekani. Kama mlango ulikuwa umefungwa, “Sunny Afternoon” ilipitia wapi? Inawezekana tu kwamba Wamarekani hawakuguswa na wimbo kuhusu machweo ya jua mjini London na vijana wawili wanaokutana katika kituo cha reli jioni ya Ijumaa. Ni wimbo mzuri, nami naupenda jinsi besi inavyoshuka ngazi kwa ngazi kabla gitaa halijaingia, lakini uzuri una makazi yake, na haukosewi haki unapobaki nyumbani.

Jambo la pili: muda husahihisha. Mwimbaji wa Uingereza, Kate Bush, alifika nafasi ya 3 Uingereza na ya 30 Marekani mwaka 1985 na “Running Up That Hill”. Mwaka 2022, kwa sababu ya tamthilia moja ya televisheni, wimbo huo huo ukashika nafasi ya 1 Uingereza na ya 3 Marekani. Kizuri kilijiuza, ila kilichelewa.

Mchangiaji kutoka Kamalondo

Wanangu, mmezunguka hadi Memphis na London mkamruka mtu wa hapa hapa. Mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco alirekodiwa na Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, mwaka 1952 mjini Jadotville, ambayo sasa ni Likasi, na “Masanga” yake, iliyopigwa kwa kidole gumba na kidole cha shahada tu huku gitaa likisikika kama ni mawili, ilitoka Katanga hadi kusini na mashariki ya Afrika, na ikawafikia wapiga gitaa wa Ulaya na Marekani. Mwaka 1969 Bosco alipiga katika tamasha la Newport, Marekani. Je, huo nao ulistahili kuvuma zaidi? Nimefundisha shule miaka mingi katika mji huu, na wanafunzi walioweza kunipigia hata mwanzo wake hawakujaza dawati moja. Wimbo unaweza kusafiri dunia nzima ukanyimwa kwao.

Nataka pia tuyaangalie maagizo ya serikali, kwa sababu Baba wa Kampemba ameitaja ile asilimia 95 na kuipita haraka. Ufaransa nayo ilipitisha sheria mwaka 1994, ikaanza kutumika 1996, inayozitaka redio zipige asilimia 40 ya nyimbo kwa Kifaransa, na nusu yake iwe ya wasanii wapya au kazi mpya. Kwa hiyo nchi yenye soko kubwa kuliko letu haikuiamini methali ya mtangazaji wetu. Kwa nini sisi tuiamini? Mimi naunga mkono sharti la namna hiyo kwa redio za mkoa wetu wa Haut-Katanga, liwe dogo, lakini liandikwe.

Mwanzilishi wa mjadala, Kampemba

Mama, nakushukuru kwa Bosco. Kuhusu sharti, nasita. Agizo la Kaunda liliwafanya vijana watunge, lakini halikuwapa wasikilizaji fedha za kununulia santuri, na shaba ilipoanguka, agizo halikuweza kuziokoa bendi.

Ndugu wa Katuba, mfano wako ni mzito na unastahili jibu. “Sunny Afternoon” inaonyesha kwamba kizuizi kile hakikuwa ukuta. Haionyeshi kwamba hakikuwa na uzito. Bendi isiyoruhusiwa kupanda jukwaani katika nchi fulani huishi huko kwa ukumbusho wa vibao vyake vya awali, na mwaka 1966 ukumbusho wa The Kinks ulikuwa bado wa moto. Kufikia 1967 ulikuwa umepoa. Hata hivyo niko tayari kuuweka “Waterloo Sunset” katika kundi la mashaka, kwa sababu huko njia ilizibwa nusu tu. Nisichokubali ni kuuweka “God Only Knows” huko. Mwaka 1966 kampuni ya bendi ya The Beach Boys iliutoa Marekani ukiwa upande wa pili wa santuri, nyuma ya “Wouldn't It Be Nice”, ukafika nafasi ya 39. Uingereza ulikaa upande wa mbele, ukafika nafasi ya 2. Aliyeugeuza upande ule si msikilizaji. Ni wimbo unaoanza na sauti ya baragumu, kisha Carl Wilson anaanza kumwambia mpenzi wake kwamba huenda asimpende daima, na mwishoni sauti zinapokezana, moja ikiingia kabla nyingine haijamaliza, hadi zinafifia. Wimbo wa mapenzi unaothubutu kuanza hivyo ulihitaji upande wa mbele.

Na hilo la muda kusahihisha ndilo linaloniudhi zaidi, nawaomba radhi kwa ukali. Muda ulimsahihishia Kate Bush kwa sababu yuko hai na aliweza kuyapokea malipo yake. Katika kundi la WITCH la miaka ile ya sifa, aliyebaki hai ni Jagari peke yake, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akichimba mawe ya thamani ili aishi. Yeye aliweza kurudi jukwaani na kutoa albamu mpya, “Zango”, mwaka 2023. Wenzake walikuwa wamezikwa kabla Mmarekani hajaja kuuliza kanda ziko wapi. Ugonjwa wa UKIMWI uliondoa wengi wa kizazi kile cha wanamuziki. Anayesema kizuri kilijiuza kwa kuchelewa aseme pia fedha za kuchelewa zilimfikia nani.

Mchangiaji kutoka Likasi

Swali fupi kwa pande zote mbili: je, kuna yeyote kati yenu aliyewahi kuusikia “Khala My Friend” kwenye redio yoyote ya Katanga? Mimi sijausikia. Tunabishana kama ulikataliwa au ulinyimwa, na wasikilizaji wa huku hawajaulizwa.

Mchangiaji kutoka Kamalondo

Hapo ndipo ninapolitaka sharti langu, mwanangu. Bila sharti, nani atakayewauliza?

Mchangiaji kutoka Katuba

Mama, sharti hapana, lakini jaribio nalikubali, na masharti yake niyaweke mimi kwa kuwa mimi ndiye ninayepinga. Wimbo usipigwe usiku wa manane pamoja na maelezo marefu ya mtaalamu, kwa sababu hapo utakuwa umezikwa kwa heshima. Upigwe saa kumi na mbili jioni, wakati watu wako ndani ya taksi-basi wakirudi katika mitaa ya Katuba, Kenya na Ruashi, katikati ya nyimbo mbili zinazojulikana, na mtangazaji ataje tu jina la wimbo na la bendi. Upigwe hivyo wiki nzima. Mimi nitauweka kwenye kompyuta ya kibandani bila kumpendekezea mtu. Watu wakija kuuulizia, nitaandika hapa kwamba methali ya mtangazaji haikusimama. Wasipokuja, Baba wa Kampemba auhamishe “Khala My Friend” kutoka katika orodha yake ya nyimbo zilizonyimwa, angalau kwa upande wa Lubumbashi.