Nitajuaje kama programu ya mtoto wa chekechea inafundisha kweli?

Mama wa Nkuhungu
Habari zenu, wazazi na walimu. Binti yangu ana miaka minne na anasoma chekechea hapa Dodoma. Baba yake amemnunulia kishikwambi, nami ndiye ninayepaswa kuchagua programu za kuweka. Zote zinajiita za elimu na zote zina nyota nyingi, kwa hiyo naomba mnieleze ninyi hutazama nini kabla ya kuzikubali.

Mwalimu wa awali, Kikuyu
Dada, nyota usizitegemee, kwa sababu hutolewa na watu wazima, na mara nyingi mzazi husifia kile kilichomtuliza mtoto. Mwaka 2015, Kathy Hirsh-Pasek na wenzake wa Marekani walipendekeza mambo manne ya kutazama: mtoto awe anafikiri, asivurugwe na vikorombwezo visivyohusiana na somo, anachojifunza kiguse maisha anayoyajua, na apate nafasi ya kushirikiana na mtu. Mwaka 2021, watafiti, akiwemo Hirsh-Pasek mwenyewe, walipima programu 124 kwa vigezo hivyo, na zaidi ya nusu zilipata alama za chini, ingawa zilinadiwa kuwa za elimu.

Mimi huketi kando ya mtoto na kutazama kidole chake. Akiambiwa achague kikapu chenye maembe matatu, naye akawa anagusa kila kikapu mpaka makofi yalie, hapo hahesabu, anatafuta makofi. Programu nzuri humrudisha kwenye maembe, ikayahesabu pamoja naye moja moja, kisha ikamuuliza tena kwa idadi nyingine.

Sikiliza pia sauti za herufi. Darasani tunamfundisha a, e, i, o, u, kisha ba, be, bi, bo, bu. Akienda nyumbani akasikia herufi e ikitamkwa “ii” kwa Kiingereza, kesho yake atasoma “be” kama “bi”, nasi tutaanza upya. Kiingereza atajifunza, lakini msingi wa kusoma na usimame kwanza katika lugha anayoisikia darasani.

Baba wa watoto wawili, Kisasa
Namuunga mkono Mwalimu. Naongeza kwamba programu ijaribiwe bando likiwa limezimwa, kwani nyingine hugoma kabisa, na nyingine ndipo unapogundua kwamba ilikuwa inaishi kwa matangazo. Kuna Kitkit School na onebillion, washindi wa shindano la Global Learning XPRIZE mwaka 2019, ambazo zilijaribiwa kwa Kiswahili katika vijiji vya Tanga visivyo na mtandao. Hata hivyo, watoto wale walikuwa wakubwa kuliko binti yako, kwa hiyo zipitie mwenyewe kwanza.

Kuhusu muda, Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku mbele ya skrini, na ikipungua ni bora zaidi.

Mama wa Nkuhungu
Nashukuru sana, Mwalimu, nawe kaka. Je, ikiwa programu ina sauti nzuri za Kiswahili lakini makofi yake hulia hata mtoto anapokosea, niiache?

Mwalimu wa awali, Kikuyu
Usiiache, dada. Zima sauti wakati wa hesabu, umwambie akuhesabie wewe kwa kinywa chake kabla hajagusa. Kwa upande wa herufi, iache iseme.