Mrejesho: yule wa fedha za karafuu, Wete

Assalamu alaykum. Ni mimi niliyeuliza mwaka jana kwa nini fedha za karafuu huniyeyukia mkononi. Mliniambia nikishauza ZSTC, shirika la serikali ya Zanzibar linalonunua karafuu, nipitie benki kabla ya kufika nyumbani.

Nimefanya hivyo. Niliingia benki vidole vinanukia karafuu, mpaka karani akacheka. Niliweka shilingi 600,000. Ramadhani nikachota 150,000 za nguo za Iddi za watoto, siwafichi. Baada ya hapo mke wangu akaichukua kadi, akaifunga kwenye pindo la kanga. Nikiitaka lazima nieleze, na kueleza kunachosha!

Juzi nimenunua matofali 200. Kiwanja bado majani matupu, ila kila nikitoka msikitini napita kuyahesabu matofali yangu.